Jina Lilikuwa Lake, Kosa Halikuwa Lake

Nina umri wa miaka thelathini na sita. Nimeolewa, nina watoto watatu, na naishi Suna, hapa Migori. Jina langu ni Apiyo. Majina mengine katika mkasa huu nimeyabadilisha kidogo, lakini langu sitalibadilisha, wala la pacha wangu Adongo, kwa sababu bila majina hayo hamtaelewa nilichofanya.

Kwetu sisi Wajaluo, mapacha hawachaguliwi majina. Anayetangulia kutoka tumboni ni Opiyo akiwa mvulana, na Apiyo akiwa msichana. Anayefuata ni Odongo au Adongo. Hakuna kikao, hakuna kubishana! Ndiyo maana tangu nikiwa mtoto, kila nikitaja jina langu mbele ya watu nisiowajua, naulizwa swali lile lile... Na Adongo yuko wapi? Nilizoea kujibu bila kufikiri. Yuko Takawiri, na Mama. Siku hizi nikiulizwa hivyo, natafuta kitu cha kuishughulisha mikono.

Nina duka dogo la kompyuta, yale tunayoyaita saiba. Watu huja kujaziwa fomu za serikali, kuomba vyeti vya polisi, kuandikiwa barua za kazi na wasifu. Ukikaa kwenye kompyuta miaka kumi na mbili unajifunza mengi. Nilijua mahali pa kuangalia kama muuguzi amesajiliwa. Nilijua kutafuta kama mwanasheria ana kibali. Wenye shule na zahanati walianza kunijia. Apiyo, hebu niangalizie huyu, anasema amefanya kazi mahali fulani, ni kweli? Nami nilikuwa napekua, napiga simu mbili tatu, narudi na jibu.

Nilipenda kazi hiyo kupita kiasi. Nilipenda jinsi watu walivyonyamaza nilipoanza kusema nilichokipata. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba hata wageni wa harusi wakija kwetu nitawaomba vitambulisho. Nilicheka. Nilidhani ananisifu!

Sasa niwaeleze kuhusu Adongo. Baba yetu alifariki tukiwa darasa la saba. Mimi niliolewa mapema nikahamia Suna. Adongo alibaki kisiwani Takawiri, akafundisha watoto wa chekechea kwenye shule ya kanisa. Kisha Mama akapatwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukalala, na maneno yake yakawa machache. Nani alimwogesha? Adongo. Nani alimlisha, akamgeuza, akamfulia? Adongo. Mimi nilikuwa natuma vitu na kupiga simu kila Jumapili... Naye hakuwahi kunilalamikia hata siku moja.

Watu kisiwani walimsema. Pacha wako ana watoto watatu, wewe unangoja nini? Alikuwa anacheka tu. Lakini mimi namjua Adongo. Kicheko chake cha kweli huanzia mabegani, na hicho hakikuanzia huko.

Ndipo mwaka juzi akatokea mwalimu Tobias Opiyo Ochieng.

Alikuja kisiwani na vijana wa kanisa kwa semina ya siku tatu. Alikuwa akifundisha hesabu katika shule moja ya binafsi upande wa Mbita. Mwanamume mpole, amevuka arobaini, hajaoa, ana shati moja zuri analolivaa kila mkutano. Semina iliisha lakini yeye akaendelea kuvuka na boti karibu kila Jumamosi. Alikuwa anakaa na Mama, anamsomea gazeti, na Mama anamshika mkono kwa ule mkono wake mzima. Adongo aliponipigia simu kuniambia, nilisikia kile kicheko. Nilikisikia mpaka Suna!

Kwa nini sikufurahi? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi. Wakati huo nilijiambia ni wajibu wangu kama dada aliyetangulia kumlinda. Zamani wazazi walikuwa na jagam, yule mtu wa katikati aliyetumwa kuchunguza ukoo wa mchumba kabla ya mambo kwenda mbali. Mimi nilijipa kazi hiyo bila kutumwa na mtu. Nikamwambia Adongo anipe majina yake matatu tu, mengine niachie. Alinipa. Akasema, mwangalie ukitaka, utamkuta vile vile nilivyomkuta mimi.

Nilianza siku ile ile. Na jina nikalipata.

Lilikuwa kwenye orodha ya walimu waliofutwa kazi, iliyokuwa ikizunguka kwenye simu za watu. Tobias Opiyo Ochieng. Majina yote matatu, kwa mpangilio ule ule. Pembeni yake kulikuwa na nambari ya mwalimu, na kosa... kuwa na uhusiano na mwanafunzi. Nilihisi baridi mwilini. Nambari sikuijali. Nilikuwa na jina, nambari ya nini?

Hata hivyo mimi si mtu wa kukimbilia mambo, au ndivyo nilivyojidanganya. Nilitaka uhakika. Nilijua nyumbani kwao Opiyo ni upande wa Kosele, na nilikuwa na mteja wa zamani, mama mmoja anayeuza nguo sokoni pale. Nikampigia. Nikamuuliza kama amewahi kusikia mwalimu wa jina hilo. Akasema amesikia sana! Alifundisha shule iliyo nyuma ya soko, akamharibia msichana wa watu masomo, wazazi wakaja juu, akaondoka na aibu.

Hapo ndipo nilipouliza swali langu la kipelelezi. Nikamwambia, mama, Opiyo ni wengi, nisije nikamsingizia mtu. Huyo wenu ana ndugu anaitwa Odongo?

Akajibu bila kusita. Ndiyo, anaye. Ndiye aliyekuja na pikipiki kumbebea godoro.

Nikakata simu nikiwa nimeridhika kabisa. Nimethibitisha! Ninyi mnaosoma, mmeshaliona kosa langu? Mimi, Apiyo, niliyeulizwa habari za Adongo maisha yangu yote, sikuliona.

Sasa sikilizeni jinsi lilivyozidi kuharibika. Jioni hiyo nilimpigia Adongo, nikamuuliza kama Opiyo wake ana pacha. Akaniambia alikuwa naye, akafa kwa surua wakiwa na miaka minne. Opiyo mwenyewe ndiye aliyemwambia, machozi yakimlenga. Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo. Angesema, ngoja... huyu Odongo wake amekufa, yule anabeba magodoro kwa pikipiki, basi hawa ni watu wawili tofauti. Mimi nilisema nini moyoni? Nilisema, mwongo huyu! Anaficha aibu yake mpaka anamzika ndugu yake aliye hai.

Kile ambacho kingemtoa mtu hatiani, mimi nilikifanya ushahidi wa pili.

Mume wangu nilimweleza usiku huo. Aliuliza jambo moja tu, kwa nini nisimpigie Opiyo mwenyewe nimuulize. Nikamjibu kwamba mtu wa namna hiyo ukimuuliza unampa nafasi ya kutunga. Akageukia upande wake, akalala.

Adongo sikumwambia kitu. Hilo ndilo linalonitafuna zaidi. Ningeweza kumwambia peke yake, kimya kimya, wakae wazungumze kama watu wazima. Lakini siku ya ayie ilikuwa imekaribia, yaani siku ambayo watu wa mwanamume huja rasmi kwa mama wa msichana kumwomba akubali. Nikaona nikisema kwa simu, Adongo atamtetea. Nikaona ni bora niseme pale, mbele ya wakubwa, wote wasikie. Nilichapa ile orodha, nikapiga mstari chini ya jina, nikaikunja nikaiweka kwenye mkoba.

Siku ilikuwa nzuri. Kisiwa kizima kilijua. Viti vilitoka kanisani, sufuria zilitoka kwa majirani. Mama alivalishwa gauni la kijani akakalishwa mlangoni, ameegemezwa kwa mito. Watu wa Opiyo walikuja sita, pamoja na mama yake, wamevuka na boti wakiwa wameshikilia viatu vyao mikononi visilowe. Adongo alikuwa amesukwa nywele na wasichana wa chekechea. Sijawahi kumwona mzuri namna ile.

Nilimwita baba mdogo, ndugu ya baba yetu, nyuma ya jiko. Nikampa karatasi. Aliisoma mara mbili. Aliniuliza kama nina uhakika, nikamwambia kazi yangu ni hii.

Tulirudi ndani wakati Adongo ametoka na beseni na jagi, ili awanawishe wageni mikono kabla ya kula. Baba mdogo akamwambia angoje kwanza. Akasimama. Akaisoma ile karatasi kwa sauti.

Opiyo hakupiga kelele. Alisimama, akaomba aione, akaitazama kwa muda. Kisha akasema, "Hili ni jina langu. Mtu huyu si mimi."

Mimi nikamkatiza. Nilisimama katikati ya nyumba ya mama yangu nikamuuliza, mbele ya mama yake, Odongo yuko wapi.

"Odongo alikufa tukiwa wadogo, shemeji," akasema.

Nami nikawageukia watu, nikasema kwa ile sauti yangu ya kutoa majibu, "Mnasikia? Ndugu yake yuko hai, anaendesha pikipiki Kosele. Mtu anayemzika pacha wake akiwa hai, atashindwa kudanganya nini?"

Mama yake Opiyo alitoa mlio mdogo kifuani, akajifunika uso kwa leso. Niliona. Nikadhani ni aibu ya kugunduliwa... Mungu anisamehe, nilidhani ni aibu.

Wageni waliondoka bila kula. Kwetu hilo ni jambo zito, na chakula kilikuwa tayari, kinatoa mvuke. Kabla ya kutoka, mama yake akiwa kando, Opiyo alimsogelea Adongo aseme naye. Adongo bado alikuwa na lile beseni mikononi. Alinitazama mimi kwanza, kisha akamtazama yeye. Akamwambia asimtaje Odongo tena mbele yake. Akatumia maneno yangu mwenyewe, kwamba amemzika mtu aliye hai.

Aliniamini mimi. Tulikaa tumbo moja, kwa nini asiniamini?

Mama, ambaye maneno yalikuwa yakimtoka kwa shida, alisema jambo moja tu siku ile nzima. Tulikuwa tunakusanya sahani safi. Alisema, "Mtoto wa watu ameenda na njaa." Nilimtuliza, nikamwambia ni mtu mbaya. Aligeuza uso kuelekea mlangoni.

Baada ya hapo mambo yalifuatana. Baba mdogo alimwambia rafiki yake wa kanisa, naye akamwambia mwingine, na kabla ya mwezi kuisha habari zikafika shuleni kwa Opiyo. Wazazi wakauliza. Wenye shule wakamwambia akae nyumbani mpaka alete barua ya kumsafisha. Mimi nilizisikia habari hizo nikiwa dukani, nikazisimulia kwa wateja kama mfano wa umuhimu wa kuchunguza watu!

Opiyo alimwandikia Adongo barua tatu, za karatasi. Adongo alizirudisha bila kuzifungua. Alinipigia simu akaniambia amezirudisha, nikampongeza.

Mwezi wa Desemba Mama alifariki. Alipata kiharusi cha pili. Tulimzika kando ya Baba. Katika matanga mazima sikumwona Adongo akilia. Alikuwa anapika, anapakua, anaosha. Nilipomwambia aje tuishi Suna, alisema atafikiria. Alikuwa amekonda. Nikasema ni majonzi, yatapita.

Februari, asubuhi moja, mwanamume aliingia dukani kwangu. Alikuwa amevaa vizuri, mchangamfu, mtu wa maneno mengi. Alitaka wasifu wa kuombea kazi ya ualimu katika shule moja ya binafsi karibu na mpaka. Nikafungua ukurasa mpya nikamuuliza majina.

"Tobias Opiyo Ochieng," akasema.

Niliandika Tobias. Niliandika Opiyo. Vidole vikakataa.

Nikamwomba kitambulisho na nambari yake ya mwalimu. Akatoa kitambulisho, lakini nambari akasema tuiache. Kisha akaniambia mahali alipofundisha nisiandike Kosele, kulikuwa na fitina pale. Niliuangalia uso wake, nikauangalia ule wa kwenye kitambulisho. Hakuwa yule niliyemwona Takawiri. Hata kidogo! Huyu alikuwa mwembamba, mweusi tii, na pengo katikati ya meno ya juu.

Nje, mtu alipiga honi. Alikuwa juu ya pikipiki, anamwita Opiyo wafanye haraka jua linawaka. Nikauliza huyo ni nani.

"Ni pacha wangu, Odongo," akasema. Kisha akatabasamu, akaniuliza na mimi jina. Nikamwambia Apiyo. Akacheka sana, akapiga meza. "Tuko sawa basi! Adongo to ni kanye?"

Adongo yuko wapi... Kila Opiyo ana Odongo wake! Kila Apiyo ana Adongo! Ningeuliza swali lile kwa Opiyo elfu moja, na elfu moja wangenijibu ndiyo. Mimi, kati ya watu wote duniani, nilikuwa nimetumia kitu hicho kama uthibitisho!

Nilimwambia siwezi kuandika wasifu wa kuruka Kosele. Akakasirika, akachukua kitambulisho chake akaondoka. Nilipiga simu kwa ile shule ya mpakani nikawaambia waombe nambari ya mwalimu, wasitazame jina. Hilo angalau nililifanya vizuri. Kisha nikafunga duka, nikakaa chini nyuma ya meza, nikalia.

Je, nilikimbia siku hiyo hiyo kumwambia Adongo? Hapana. Nilikaa kimya wiki tatu. Nilijiambia nitafute kwanza njia ya kurekebisha. Nilitaka niende kwake na habari njema mkononi, kwamba Opiyo anamngoja. Nilikuwa bado nataka kuwa yule mwenye majibu.

Kwa hiyo nilikwenda Kosele kwanza. Nilimkuta Opiyo wa Adongo nyumbani kwao, shambani, anachimba viazi vitamu. Barua ya kumsafisha aliipata baada ya muhula mzima, na nafasi yake shuleni ilikuwa imeshachukuliwa. Aliponiona alifuta mikono kwenye suruali, akanikaribisha. Hakuniita shemeji. Aliniita mama.

Nilimweleza yote. Yule mtu, pikipiki, orodha, swali langu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka akaniambia nimfuate. Tulipita nyuma ya nyumba ya mama yake. Chini ya ua wa ojuok, ile miti ya utomvu mweupe, palikuwa na kifusi kidogo kilichozungushiwa mawe. Kidogo kabisa, urefu wa mkono mmoja na nusu. Mawe yalikuwa yamepakwa chokaa.

"Huyu ndiye Odongo," akasema. "Ungekuja ukaniuliza, ningekuleta hapa."

Nilipiga magoti kwenye udongo, na yeye akanisubiri.

Nikamwomba amrudie Adongo. Nikamwambia kosa ni langu peke yangu. Akaniambia mimi amenisamehe, hata kabla sijaja, kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa nje, sikumjua. Lakini yeye alimweleza Adongo kuhusu kaburi hili kabla ya mtu mwingine yeyote, hata jinsi mama yao anavyopaka chokaa kila mwaka. Na bado Adongo alimwambia mbele ya mama yake kwamba Odongo ni uongo. Akasema hawezi kumweka mama yake nyumba moja na mtu aliyesema neno hilo. Alisema bila hasira. Laiti angekuwa na hasira!

Nilitaka kuondoka. Lakini mama yake alitoka jikoni, yule yule niliyemwona amejifunika leso. Alikuwa na jagi na beseni. Akaninawisha mikono. Akaniwekea ugali na samaki na mboga, akakaa karibu yangu mpaka nikamaliza. Hakunisema kwa lolote. Jamani, sijawahi kula chakula kigumu kumeza kama kile.

Kutoka Kosele nilikwenda moja kwa moja Takawiri. Adongo alikuwa uani anafua aproni za watoto wa chekechea. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa sitasema. Alipokuwa ananisikiliza aliendelea kusugua aproni moja, ile ile moja.

Nilipomaliza aliuliza, "Ulimuuliza yeye, kabla ya kuwauliza watu?"

Nikasema hapana.

Akatikisa kichwa polepole, akaikamua ile aproni akaianika. Akaniambia amekuwa akijiuliza kwa nini niliharakisha vile. Kisha akasema neno ambalo nalisikia kila nikiamka. "Wewe uliogopa nikiolewa, Mama atabaki na nani. Sasa Mama hayuko, Apiyo. Ulikuwa unaniweka kwa ajili ya nani?"

Sikukana. Kwa sababu lilikuwa kweli... Lilikuwa kweli tangu siku ya kwanza niliposikia kicheko chake kwenye simu. Nilipolikuta lile jina kwenye orodha, kabla ya ile baridi mwilini, kulikuwa na kitu kingine kidogo. Ilikuwa nafuu. Sikumtafuta Opiyo nijue ni mtu wa namna gani. Nilimtafuta ili nimpate na kosa, na anayetafuta hivyo hakosi, hasa kwenye majina yetu haya.

Wiki iliyofuata jirani alinipigia simu. Adongo ameacha kazi, amefunga nyumba ya Mama, ufunguo ameuacha kwa mchungaji. Alivuka na boti ya asubuhi akiwa na begi moja. Nambari yake haikupatikana tena. Huu ni mwezi wa kumi na tano sasa.

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Mkitaka kujua habari za mtu, za kazi yake au za maisha yake, msimshike kwa jina. Jina ni la wengi. Ombeni nambari yake, pigeni simu mahali anaposema alifanya kazi, tazameni uso. Na kabla ya yote hayo, mwiteni mkae naye, mumuulize yeye mwenyewe, kisha mfunge vinywa vyenu mumsikilize. Tena mjiulize na ninyi, kwa moyo mweupe, mnatafuta nini na mnatumaini kupata nini. Mimi sikujiuliza. Nilimvunja mtu asiye na hatia, nikampoteza yule niliyezaliwa naye, yote kwa karatasi moja niliyoipigia mstari.

Wengine wananiambia wamemwona Adongo Homa Bay mjini. Wengine wanasema yuko Kisumu, wengine Mwanza. Kila nikifungua duka, kabla mteja wa kwanza hajaingia, naandika jina lake pamoja na lile la ubatizo kwenye kompyuta. Rose Adongo. Wanakuja wengi mno, walimu, wauguzi, wauza nguo, na wengi hawaweki picha zao. Basi nawaandikia, mmoja mmoja. Nawaomba radhi kwa usumbufu, nawaambia namtafuta dada yangu, na mwisho nauliza lile swali langu, kwa sababu sina lingine... Je, una pacha anayeitwa Apiyo?

Na wote wananijibu ndiyo.